Jiwe la Mchimba Visima

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mbona mnaitika kinyonge? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo kale, kale ya kale, kabla ng'ombe hawajaijua nyika, watu wa babu yake Nasieku walikuwa wameshaijua. Warina asali, wawindaji. Kisha akaja tajiri na ng'ombe wake na ua wake wa miiba, akasema nyika yangu. Babu akawa kibarua wake. Akachimba. Chwa! Chwa! Chwa! Visima saba, akavijengea ukuta, jiwe juu ya jiwe, na ng'ombe wakanywa, na watu wakanywa, na hakikukauka hata kimoja.

Siku ikafika, babu akafa. Wakamzika. Machozi hayajakauka, tajiri huyo!

"Hapa nataka zizi. Kaburi lisilo na jina ni uwanja tu. Haya, nitajieni jina lake, lichongwe, libaki."

Kwa watu wa babu, jina la marehemu halitajwi. Ukilitaja unamrudisha njiani, asifike kwa mababu. Tajiri alijua. Akacheka. "Mmekosa? Basi kesho ng'ombe wanalala hapa."

Nasieku alikuwa na mtoto mgongoni, mchanga, hata meno hana. Moyo unamwambia nyamaza, utafukuzwa, mtoto utamlisha nini, na miguu haisikii, inakwenda, inakwenda, mpaka kisimani. Akashika jiwe la ukingoni, akavuta. Pororoo! Udongo ukamiminika majini.

"We mwanamke! Una wazimu? Kisima changu hicho!"

"Chako, bwana. Mimi nachukua mawe ya babu tu, nikamwekee kaburini."

"Kitabomoka!"

"Kumbe kazi yake unaijua."

Bibi kizee mmoja akapiga kigelegele. "Vuta, mwanangu! Bado sita!"

Vibarua wakacheka, wakatawanyika visimani, kila mmoja mkono juu ya jiwe.

Tajiri akawatazama ng'ombe wake, ndimi nje, jua la utosi.

"Rudisha, mama. Zizi nitajenga kwingine. Jiwe la kaburi nitaleta mimi."

Akalileta kutoka mlimani, mafahali wanne wakivuta, hu! hu! hu!, jiwe refu kumpita mtu. Jina halikuandikwa. Fundi alichonga duara saba, basi. Na mtoto wa Nasieku alijifunza kusimama kwa kulishikilia jiwe hilo.

Ukitaka kumdharau mchimba kisima, kwanza acha kunywa maji yake.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye kiu akanywe.