Mwezua Paa Hulala Chini Yake

Mwezua paa hulala chini yake. Neno hilo lilinitoka uani, ungo wa mchele uko mapajani. Mjukuu wangu Hiza alikuwa amerudi kutoka kutafuta chumba mjini. Mwenye nyumba alimtaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, tena mbele yake kuna mama anatolewa humo humo, vyombo vyake viko barabarani, sufuria bado ina ugali.

"Bibi," akasema dada yake, Zamoyoni, "hiyo methali umeitoa wapi? Mbona shuleni hatukufundishwa?"

Hamkufundishwa kwa sababu aliyeitunga hakuwa mtu wa vitabu. Alikuwa mke wa mwenye nyumba, nami nilikuwa nimesimama pembeni yake alipoitamka. Wekeni hizo simu chini, chanzo chake ni hiki.

Zamani hizo nilipanga Muheza, kwenye nyumba ya udongo na bati yenye vyumba sita: vitatu huku, vitatu kule, korido katikati, na uani choo na jiko. Mwenyewe aliitwa Mzee Shekigenda. Alikaa chumba cha mbele na mkewe, Bi. Mashavu, na vyumba vitano vilivyobaki alitupangisha sisi. Mimi nilikuwa mkunga, watoto wengi wa mtaa ule nimewapokea kwa mikono hii.

Chumba cha mwisho alikaa Mhando, mkata mkonge, na mkewe Sikudhani. Mwaka huo shamba lilikuwa halijalipa mishahara miezi miwili. Kila wafanyakazi wakienda dirishani, karani anawaambia njooni kesho. Mtu anakata mkonge jua likimchoma, miba ikimchana, halafu mshahara wake ni kesho! Na kesho huwezi kuila, wala mwenye nyumba haipokei. Mhando akawa anadaiwa kodi.

Katikati ya shida hiyo Sikudhani akajifungua mtoto wa kike, mdogo, mwepesi, amewahi kuja. Niliwaambia wazi: mtoto huyu asipigwe na baridi. Tukafunga dirisha kwa kanga mbili, tukaweka jiko la mkaa karibu, Sikudhani akaanza arobaini yake.

Nyinyi wa siku hizi mnatoka hospitali mkapitia sokoni. Kwetu mzazi hakuvuka kizingiti cha nje mpaka siku arobaini ziishe. Haendi kisimani, haendi msibani. Anakaa ndani na mwanawe, wanawake wanaingia na kutoka na uji na maji ya moto. Na mwanamume asiye mumewe hatii mguu chumbani mwa mzazi, hata awe nani. Kumtoa mzazi nje kabla ya arobaini lilikuwa jambo la kutengwa na mtaa. Hata mtu uliyegombana naye hukumfanyia hivyo.

Mzee Shekigenda alilijua hilo vizuri. Alitaka sana kuwatoa, kwa sababu alikwisha kumpata mpangaji mwingine, mfanyabiashara wa machungwa mwenye pesa mkononi. Lakini angewatoaje? Akafikiri siku kadhaa. Siku ya kumi na mbili tangu mtoto azaliwe, asubuhi, Mhando yuko shambani, mzee akaja na fundi na ngazi.

Tulidhani anaziba panapovuja, maana masika yalikuwa yameanza. Tukasikia msumari unalia, kisha mwingine. Bati la kwanza likashushwa, la pili, la tatu. Mwanga ukaingia chumbani mwa mzazi. Sikudhani akapiga ukelele, sote tukakimbilia uani.

"Mzee, unafanya nini?" nikamwuliza.

"Nachukua mali yangu," akanijibu, hata hakugeuka. "Bati ni langu, nimelinunua kwa jasho langu."

"Mle ndani kuna mzazi!"

"Kwani nimemtoa? Nani kaniona nimemtoa? Mlango uko wazi, kitanda chake kipo, alale. Arobaini yake aimalize, sijamkataza."

Alisema hivyo akitabasamu. Wajukuu zangu, nimeona watu wabaya wengi, lakini mbaya anayetabasamu kwa kuwa ameipata njia ya kuizunguka haya, huyo ananichefua mpaka leo. Na niwaambie la aibu yangu pia: nilinyamaza. Kodi yangu mimi nami ilikuwa na kiporo. Nikaogopa kwamba bati litakalofuata ni langu. Wapangaji wenzangu walinyamaza kwa sababu hiyo hiyo. Watu wazima wanane tumesimama uani tunatazama mabati ya mwenzetu yakipangwa ukutani, hakuna aliyeshika hata mguu wa ngazi.

Mawingu yalikuwa yanakuja kutoka upande wa milimani. Tone la kwanza likanidondokea mkononi.

Hapo ndipo Bi. Mashavu alipotoka jikoni. Alikuwa mama mnene, mpole, asiyependa maneno. Miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kumsikia akimjibu mumewe. Alitazama juu, akatazama bati, akafuta mikono kwenye kanga. Hakumsemesha mzee. Aliniambia mimi.

"Mkunga, mchukue mtoto. Wewe na wewe, mshikeni mzazi huku na huku."

"Tumpeleke wapi, Bi. Mashavu? Hatoki nje huyu."

"Nani kasema nje? Korido ina bati."

Tukamwinua Sikudhani, tukapita naye koridoni taratibu, mtoto nimemfunika kifuani. Bi. Mashavu ametangulia. Akafungua mlango wa chumba cha mbele, chumba chake na mumewe, akakunjua shuka safi, akamlaza Sikudhani kwenye kitanda cha mzee, kile cha samadari walichonunua walipooana. Mtoto akamweka upande wa ukutani. Mvua ikashuka juu ya bati, kubwa, na mle ndani hakikulowa hata kijiti cha kiberiti.

Mzee Shekigenda akaja anachuruzika maji. Alipofika mlangoni mwake, akamkuta mkewe amesimama hapo.

"Nipishe, nibadilishe nguo."

"Huingii. Ndani kuna mzazi."

"Mashavu! Hiki ni chumba changu!"

"Ni chako. Lakini mwanamume haingii kwa mzazi. Mila hiyo hukuitoa wewe, na huiondoi wewe. Nguo zako nitakuletea hapa."

"Mpaka lini?"

Bi. Mashavu akahesabu kwa vidole, bila haraka.

"Siku kumi na mbili zimekwisha. Zimebaki ishirini na nane."

"Sasa mimi nilale wapi? Vyumba vyote vina watu!"

"Kimoja hakina mtu," mkewe akasema. "Mlango uko wazi, na kitanda kipo."

Mzee akafura. Akauliza kwa sauti ya kutikisa nyumba, "Nani mwenye nyumba hapa?"

Naye Bi. Mashavu, ambaye hakuwahi kumjibu, akamjibu mbele yetu sote: "Mwezua paa hulala chini yake."

Akaingia, akafunga mlango, tukasikia komeo.

Sisi tuliokuwa tumenyamaza uani, ndimi zikatufunguka. Mmoja akacheka, wote tukacheka, mpaka fundi naye. Mzee hakuwa na la kufanya. Angeuvunja mlango wa mzazi, habari zingefika msikitini kabla ya adhuhuri. Alikwenda kwa rafiki yake wa bao kuomba mahali pa kulala. Rafiki akamshangaa: "Wewe mwenye vyumba sita?" Akaenda kwa shemeji yake, akapewa uji, hakupewa mkeka. Neno la Bi. Mashavu lilikuwa limemtangulia kila alipobisha hodi.

Siku ile alilala chumba cha mwisho, kitanda amekisogeza pembeni, mwavuli juu ya kichwa. Asubuhi alitoka kavimba macho, anakohoa, udongo umemwagikia miguu. Akamwita fundi ayarudishe mabati mbio. Fundi akakunja mikono. Alisema ujira wa kushusha hajaupata, na wa kupandisha anautaka kwanza, tena kwa mkupuo.

Mabati yakarudi siku hiyo hiyo, lakini matundu ya misumari hayakuzibika vizuri na kuta zilikuwa zimekwisha kunywa maji. Mzee alimwambia mkewe mzazi sasa arudi kwake. Bi. Mashavu akaniuliza mimi, mkunga. Safari hii sikunyamaza. Nilisema chumba kile kina unyevu, mtoto yule hakiwezi. Basi mzee akakaa humo siku zote ishirini na nane, akihama hama na kitanda kila panapovuja. Mhando tulimkaribisha chumbani kwa mpangaji mwenzetu kapera.

Mfanyabiashara wa machungwa alikuja kukitazama chumba, akamkuta mwenye nyumba ndiye kalala humo chini ya mwavuli. Aliaga, hakurudi.

Arobaini ilipotimia, mtoto alikuwa amenenepa mashavu. Mshahara nao ukatoka. Mhando akaenda kwa mzee na pesa, akamlipa madeni yote ya nyuma. Mzee akahesabu, akasema, "Na ya mwezi huu?"

Mhando alikuwa kijana mwenye adabu. Alisimama, mikono nyuma.

"Mwezi huu, mzee, chumba hicho umelala wewe."

Mzee akageuka kumtafuta mkewe kwa macho. Bi. Mashavu alikuwa kamshika mtoto, anamcheulisha. Mzee akatia pesa mfukoni.

Msije mkadhani alipata huruma, hakuipata. Aliendelea kutudai kwa ukali vile vile mpaka nilipohama. Ila ngazi hakuileta tena, maana kila alipotazama bati la mtu, alikumbuka usiku wake chini ya mwavuli.

Basi huyo anayemtupia mama wa watu sufuria barabarani, ugali haujapoa, simwombei radi wala ugonjwa. Wewe Hiza, kesho nenda pale, umwulize yule mama amelala wapi, umlete hapa, nafasi ipo. Na yule bwana ukimkuta mlangoni anahesabu kodi yake ya mwaka, mpe salamu zangu, umwambie zimetoka Muheza: mwezua paa hulala chini yake.