Kunguru wa Bi Kazija

Jirani yetu, Bi Sichana, anashikilia kwamba msemo wa "Mkono uliolisha ndio ushike" ulitokana na mwanamke aliyefuga kunguru. Kunguru akamdonoa jicho, naye kwa hasira akamnyonga. Anasema basi, ukimfuga kunguru atakutoa macho.

Juzi mama alimwambia mdogo wangu Raya msemo huohuo, kwa sababu ya kinda la kunguru analolilea ndani ya pakacha, ambalo mama alitaka liuawe kama kunguru wengine. Raya alibeba pakacha lake akaja kukaa nasi kwenye jamvi, mimi na bibi yetu, Bi Mize, tulipokuwa tukichambua karafuu. Nikamweleza bibi maneno ya Bi Sichana.

Bibi akacheka. "Sichana huyo! Wakati huo hata mamaake hajaposwa. Mwanamke huyo, Bi Kazija, alikufa na macho yake yote mawili, na mimi nilikuwapo. Sikilizeni msemo ulikotoka."

Haya ndiyo aliyotusimulia.

Zamani kunguru hawa hawakuwapo kijijini kwetu. Waliletwa na watu kwa vyombo vya baharini, wakashuka mjini, wakazaana, wakafika hadi huku. Nyuma ya nyumba palikuwa na miti mikubwa ya mitondoo, na juu yake wakikaa ninga, wale njiwa wa kijani. Asubuhi ukiamka unawasikia wanapiga mbinja. Kunguru wakaanza kula mayai, kisha makinda. Mbinja zikapungua, mpaka ikawa mtu akimsikia ninga anamwita mwenziwe aje naye asikie.

Wazee wakakubaliana kunguru wauawe. Kazi akapewa Shaame, mjenga nyumba. Akatengeneza tundu kubwa la miti na nyavu kuukuu, akatia matumbo ya samaki. Kunguru wakaja, wakatua juu ya tundu, wakamtazama. Hakuingia hata mmoja. Kunguru haingii mpaka amwone mwenziwe ndani anakula kwa raha.

Na mwenye kunguru anayekula kwa raha mbele ya watu alikuwa Bi Kazija peke yake. Alimwokota chini ya mnazi, hajaota manyoya, mwaka ule bintiye wa pekee alipoolewa Unguja. Akamlisha muhogo uliotafunwa, kwa ncha ya kidole. Akamwita Hodi, maana kila asubuhi alisimama kizingitini akalia mpaka afunguliwe.

Shaame alikwenda kumwomba.

"Mwanangu Shaame, ukitaka kuku, chukua. Ukitaka mbuzi, chukua. Huyu ndiye anayeniamsha."

"Hatumuui, Bi Kazija. Atakaa tu ndani awaite wenziwe."

"Awaite waje wafe? Ndiyo kazi unayompa?"

Shaame akaondoka mikono mitupu.

Asubuhi moja Hodi alilia mlangoni. Bi Kazija akafungua. Hodi akaweka kitu miguuni pake, akarudi nyuma, akainamisha kichwa kumtazama. Lilikuwa kinda la ninga, halina hata unyoya, bado lina joto. Alimletea chakula, kama yeye alivyolishwa.

Bi Kazija akalizika lile kinda. Kisha akamweka Hodi begani, akaenda kwa Shaame kwa miguu yake mwenyewe.

Hodi akatiwa tunduni, akala, akaita. Kunguru wakaingia, mlango ukafungwa. Vijana wakavamia na fimbo.

"Wangu huyo!"

"Umemkosa, mikono ya uji wewe!"

Wakapiga huku wanacheka. Ndege wakajirusha kwenye nyavu, wengine mbawa zimevunjika, na Hodi katikati yao akilia ule mlio wake wa kizingitini.

"Tokeni!" Bi Kazija alipiga ukelele ambao hatujapata kuusikia kwake. "Mbuzi mnayemla hamumwoneshi kisu. Hawa msiowala ndio mnawachezea? Walikuja wenyewe hapa? Waliletwa! Kama hapana budi wafe, na wafe, lakini si kwa kicheko."

Vijana wakatoka, vichwa chini. Tangu hapo kunguru alishikwa mmoja mmoja, akafunikwa macho kwa kanga, akapelekwa nyuma ya ukuta ambako wenziwe hawaoni, Shaame akamvunja shingo mara moja. Kazi ilichukua muda mrefu. Mwisho akabaki Hodi.

"Tumwache huyu," Shaame akasema. "Ametufanyia kazi."

"Tukimwacha ataniletea kinda jingine."

"Basi tumfungie humu tunduni."

"Peke yake, mpaka afe? Nimeliwaza hilo, mwanangu. Nimeliwaza sana."

"Nenda nyumbani, mama. Niachie mimi."

Bi Kazija akatikisa kichwa. "Amekuona ukiwachukua wenziwe. Akiuona mkono wako atajua anauawa. Akiuona wangu atajua analishwa. Mkono uliolisha ndio ushike."

Akamtafunia muhogo, akamlisha kwa ncha ya kidole. Akamfunika kwa upindo wa kanga, akamkumbatia kifuani. Shaame akapitisha mkono chini ya kanga.

Bibi akatupa vikonyo vya karafuu pembeni.

"Ninga walirudi?" nikauliza.

"Walirudi. Si kama zamani, lakini mbinja zilisikika, na watu walifurahi. Bi Kazija naye alizisikia. Akifungua mlango, kizingiti kitupu. Kama alifanya sawa, mimi sijui, mjukuu wangu. Ninachojua, uchungu ule hakumtwisha mtu mwingine. Ndiyo maana tunasema, mkono uliolisha ndio ushike."

Kinda la Raya likalia ndani ya pakacha. Raya akatafuna kipande cha muhogo, akaliwekea kwenye ncha ya kidole. Likala, likapanua mdomo tena.

"Bibi," akasema, bila kuinua uso. "Mimi siwezi. Nishikie wewe."

Bibi alikitazama kile kidole chenye muhogo. Karafuu ilibaki kiganjani mwake.