Chewa Aliyechagua Maji ya Juu

Paukwa!
Pakawa!
Bahari hutembea?
Hutembea!
Kwa miguu ya nani?
Kwa miguu ya upepo!

Haya, sogeeni. Hapo kale, samaki walipokuwa bado wanaamkiana, aliishi Bi Dagaa na wanawe. Kaskazi ikivuma, fuuu, maji ya juu yalishuka kusini, na dagaa wakashuka nayo, wakila. Kusi ikivuma, fuuu, maji ya juu yalipanda kaskazini, na dagaa wakapanda nayo, wakila. Ndivyo Bi Dagaa alivyolelewa na mama yake. Raha iliyoje siku zile!

Kisha akaja Chewa, mdomo kama mlango wa ghala. "Ya juu yangu, ya chini yangu!" Leo akameza mtoto mmoja, hlup! Kesho akameza mwingine, hlup! Bi Dagaa akaona ukoo wake unakwisha.

Mwaka ule kaskazi ilikatika, kusi haijaingia. Upepo hakuna. Lakini mawimbi marefu yalikuwa yakija polepole kutoka mashariki. Bi Dagaa akamkumbuka mama yake alivyokuwa akisema, "Mawimbi bila upepo, mwanangu, nyuma yake kuna kimbunga. Shuka chini kabisa. Upepo husukuma maji ya juu, ya chini hayana habari."

Akamwendea Chewa pangoni.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Umeniletea mtoto?"

"Nimeleta shauri. Tugawane bahari kidesturi. Mkubwa huchagua kwanza, na akishachagua harudi nyuma. Juu, au chini?"

Chewa akawaza: chakula chote hupita juu. "Juu!"

"Yote, bwana? Hutuachii hata tone?"

"Hata tone! Nikimwona dagaa huko, nitammeza. Nyinyi chukueni pango langu na giza lake."

"Basi yalinde maji yako, bwana."

Chewa akapanda juu, akatanua mapezi. Bi Dagaa akawakusanya wanawe, wakashuka, wakajibana pangoni.

Kimbunga kikafika. Vuuu! Maji ya juu yakazunguka, yakatimua mbio.

"Simameni, maji yangu!" Hayakusimama.

"Rudini, maji yangu!" Hayakurudi.

Hata upepo ulipotulia, maji yaliendelea kuzunguka, na Chewa ndani yake, zungu, zungu, zungu, mpaka bahari za watu. Huku nyuma, maji baridi ya chini yakapanda kushika nafasi ya yale yaliyokwenda, yakapanda na chakula tele.

Bi Dagaa akapanda nayo. Kusi ikaingia, fuuu, watoto wakaanza safari, wakila na kucheka. Yeye akageuka kuwatazama, na wale waliomezwa hawakuwemo. "Laiti mama angekuwepo," akasema. Akalia sana. Lakini nani aone machozi ya samaki? Wanawe wakamwambia, "Mama, mbona unachelewa? Twende!" Akaenda.

Hadithi yangu imeishia majini, anayeitaka tena akaichote.

Na funzo? Funzo, wanangu, ni hili: mwenye nguvu achague kwanza, achague cha juu, achukue chote, wala asiulize upepo unatoka wapi. Sisi wadogo tutamwombea safari njema.