Komando Siku ya Posa

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa na maduka ya dawa yakachipuka mjini Mbinga kama uyoga, na kila mwenye shilingi akajiona daktari. Huko Litembo mlimani, Ottilia hakutaka dawa; alimtaka Wilfred. Kizuizi kilikuwa Komando, mbwa wa baba yake, aliyemrarua suruali mshenga wa kwanza. Mzee Hyasinti, mshenga wa pili, alikwisha apa: akiguswa na jino, posa imekufa.

Siku ilipowadia, Mzee Egidi, babaye Ottilia, alimpa Komando kidonge cha kumtuliza kutoka kwa bwana mifugo. Alikuwa ameonywa asikichanganye na dawa nyingine. Hakumwambia mtu, alitaka sifa peke yake. Mama Walburga naye, kimyakimya, akamfichia mbwa kwenye ugali vidonge vya mafua viletavyo usingizi. Mjomba Tarsisi, mjuaji wa mjini, akamalizia kwa dawa ya kifafa.

Wageni walipoketi kula, Komando alikuwa mlangoni, mpole kama kondoo. Ottilia akashusha pumzi. Mzee Hyasinti, kwa furaha, akamrushia mbwa kipande cha kuku.

“Shika, jemadari. Ya kale yaishe.”

Komando akatafuna, akayumba kama mlevi wa ulanzi, akaanguka chali, ulimi nje.

Tonge likamganda Hyasinti mkononi. “Kuku huyu ana nini?”

“Ana chumvi tu, baba!” akalia Walburga.

“Mama, chumvi haiangushi mbwa! Jamani, sumu! Temeni!” akafoka Hyasinti.

Wageni wakatema, wakaporomoka mteremkoni, mmoja akiacha kiatu.

Ottilia akawageukia wakubwa zake, machozi yakimlengalenga. “Nani kampa mbwa dawa?”

“Mimi,” akasema baba.

“Wewe? Si mimi?” akashangaa mama.

Mjomba akakohoa. “Na mimi kidogo, mwanangu.”

Bwana mifugo Edmund, aliyeitwa mbio, akamsikiliza Komando kifuani.

“Yu hai. Kila dawa peke yake huleta usingizi. Zikikutana huongezeana nguvu. Nusura mmzike. Kwani humu ndani hamna kamba ya kumfunga?”

Kamba ilikuwepo.

Komando aliamka kesho yake akidai ugali. Posa haikuamka. Habari za kuku wa sumu zilikwisha fika kwao Wilfred, na Ottilia akasubiri msimu mzima wa kahawa kabla mshenga wa tatu hajathubutu kuupanda mlima. Hakika, manahodha wengi, chombo huenda mrama.