Siku Mbili za Bi Raya Kisiwani Ukombe

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana waliokuwapo wangali hai, palikuwa na mwanamke akiitwa Bi Raya, na Bi Raya alikuwa na watoto watatu. Wa kwanza Riziki, binti. Wa pili Shaame, mwanamume. Wa mwisho Mize, binti vilevile, na Mize alikuwa na mimba ya miezi saba, baada ya mimba mbili kumharibikia. Sikilizeni yaliyowakuta, kisha mtanijibu.

Bi Raya alizaliwa Ukombe, kisiwa kidogo, mwendo wa saa moja kwa boti ya mashine. Watu wa Ukombe walihama visima vyao vilipogeuka chumvi. Yeye alikuwa msichana, na mama yake mzazi akabaki huko kaburini. Miaka ikapita, kisiwa kikaota msitu. Kamati ya kijiji ikajenga vibanda viwili vya mbao kwa wageni wanaopenda kulala porini: kimoja kikubwa karibu na kisima cha zamani, kimoja kidogo ukingoni mwa mikoko. Funguo alikaa nazo mlinzi, jina lake Vuai.

Mwaka ule Bi Raya akaanza kuugua kifua. Ijumaa moja baada ya alasiri akawakalisha watoto wake uani, akawaambia anataka kwenda Ukombe, akae siku mbili.

"Nataka nilale pale nilipozaliwa," akasema, "nikiwa na akili zangu, najua niko wapi."

Basi wakapanga. Shaame akachukua kazi ya kibanda na boti. Mize akachukua chakula, vyandarua na madumu ya maji, kwa kuwa huko hakuna tone la maji ya kunywa. Riziki, kwa kuwa ndiye mkubwa, akachukua dawa na hospitali. Bi Raya naye kila dakika akiongeza lake: msisahau mbuzi ya kukunia nazi, msichukue mkeka mpya, mkeka mpya unawasha. Riziki hakuwa amemwona mama yake akicheka vile tangu baba yao afariki. Jumamosi na Jumapili nyumba nzima ilikuwa safari tu.

Jumatatu Riziki akampeleka mama hospitali. Daktari akamwita pembeni peke yake, akamwambia mapafu yamekwisha. "Kama kuna mahali anapataka, mpelekeni wiki hii. Msingoje mwezi."

Njia nzima ya kurudi Riziki alimfikiria Mize. Mimba ya kwanza ilitoka wiki aliyofariki baba yao. Ya pili ilitoka alipofariki shangazi. Akiambiwa na hili, itakuwaje? Alipofika nyumbani akasema daktari ameona nafuu, mama apumzike, hakuna haraka. Moyoni akajiambia atamweleza Shaame kesho, faraghani. Kesho ikaja, akamkuta Shaame anapiga randa kiti cha kumbebea mama kutoka kwenye boti hadi ufukoni, huku anapiga mluzi. Akashindwa. Kesho yake tena, akashindwa.

Siku ya nne Shaame akaja na habari kwamba vibanda vyote vimeshikwa na wageni, itabidi wangoje wiki tatu.

"Hakuna hata kile kidogo?" Riziki akauliza.

"Hakuna."

Wiki tatu. Riziki akayahesabu maneno ya daktari, akamtazama Mize aliyekuwa akichambua mchele na tumbo lake mbele. Palikuwa na nafasi ya kusema pale pale. Akasema, "Basi tungoje."

Wakangoja. Kila asubuhi Riziki alikuta leso za mama zimeshafuliwa, zimeanikwa kamba nzima, akamsifu Mize kwa usafi. Mize alikuwa akiinamisha kichwa.

Siku ya safari ikafika. Madumu yamejaa, vyandarua vimekunjwa, boti inangoja. Riziki akaingia kumwamsha mama yake. Bi Raya akafumbua macho, lakini macho hayakumtulia mwanawe.

"Tumeshafika?" akauliza.

Riziki akapiga magoti, akamshika mkono. "Tumefika, mama."

Bi Raya akawa kama anatega sikio. "Mbona siisikii bahari?"

Kabla ya adhuhuri Bi Raya alikuwa amekwisha kufa, kitandani kwake, mjini, mbali na Ukombe.

Siku ya tatu ya msiba Vuai akavuka kuja kuwapa mkono wa rambirambi. Mtu wa Mungu, hakujua anachokibeba. Akasema amesikitika, maana kile kibanda kidogo alikiacha wazi wiki zote tatu, akidhani bwana Shaame atabadili nia.

Alipokwisha kuondoka, Riziki akamgeukia ndugu yake, na Shaame hakukana.

"Kile kidogo paa linavuja," akasema, "na ngazi yake ina vidato saba. Nilitaka alale kwenye kile cha kisimani, hatua ishirini na kaburi la bibi. Niliwaambia vimejaa ili mama asije akaridhika na kibaya. Wewe dada uliniambia ana nafuu. Ningejua, ningempandisha vile vidato mgongoni mwangu."

Riziki akatoa neno la daktari, lote, mbele yao. "Nililificha kwa ajili ya mtoto wa Mize. Nilishazika wawili wake, sikutaka wa tatu. Lakini kibanda kilikuwapo, Shaame. Nilikuuliza kwa kinywa changu, ukanijibu hakuna."

Hapo Mize, aliyekuwa amejiegemeza ukutani, akasema.

"Mlikuwa mnamficha nani? Mimi nilikuwa najua. Alikuwa akikohoa damu kila alfajiri, na mimi ndiye niliyefua zile leso. Alinishikisha msahafu nisiwaambie. Alisema mkijua mtamlaza hospitali, na Ukombe hataiona tena. Nikaapa. Nikawa nahesabu siku, naomba boti iwahi."

Riziki akangoja mmoja wao amwambie, dada, si kosa lako. Hakuambiwa. Naye hakuwaambia wao.

Mwezi mmoja baadaye Mize akajifungua mtoto wa kike, mzima, akamwita Raya. Riziki akenda kumwona. Akampakata, akajiuliza kama mtoto huyu yu hai kwa sababu ya uongo wake, au angezaliwa vilevile, na mama akapata siku zake mbili. Akamrudisha mtoto kwa mama yake, akaaga, akaondoka bila kunywa chai.

Tangu hapo hawakai mkeka mmoja. Sikukuu inapofika kila mtu anapika kwake. Na kaburi la Bi Raya liko mjini, la mama yake liko Ukombe, na kati ya wale watoto watatu hakuna hata mmoja aliyethubutu kuvuka kwenda kumwombea bibi yake, maana kila mmoja anaona hana uso wa kwenda nao.

Haya ndiyo yaliyowakuta. Riziki alikuwa na neno la daktari, akalificha ili mtoto azaliwe. Shaame alikuwa na kibanda, akakikataa ili mama alale pazuri. Mize aliiona damu, akanyamaza ili asivunje kiapo. Na Bi Raya mwenyewe ndiye aliyekitaka kile kiapo. Mmoja tu kati yao angefumbua kinywa, boti ingeondoka.

Sasa nijibuni nyinyi mliosikiliza, maana mimi usingizi umenikatika kwa swali hili: ni nani aliyemnyima Bi Raya kisiwa chake?