Fisi Alipoitisha Mkutano

Mwaka ule mvua ilikataa kabisa. Mito ilikauka, vyura wakanyamaza, na maji yakabaki mahali pamoja tu: kwenye chemchemi iliyo ndani ya Mwamba wa Matundu. Wanyama walioishi pale walikuwa na makubaliano yao ya miaka mingi. Kila mkazi alimiliki tundu lake, lakini chemchemi, njia na kivuli vilikuwa vya wote. Tena kila mkazi alikuwa na zamu ya kuzoa tope ili chemchemi isizibe.

Mwenyekiti wao alikuwa Fisi. Walimchagua kwa sababu ni yeye peke yake aliyeutaka uenyekiti, na hakuna aliyejiuliza aliutakia nini.

Kiu ilipozidi, Fisi akaanza kutunga sheria. Mama Ngiri alizuiwa kuteka maji kwa kosa la kukoroma mchana. Sungura alipomwona akirudi na kibuyu kitupu, alicheka mpaka akaketi chini. Kesho yake akazuiwa yeye.

"Masikio yako yamezidi urefu unaoruhusiwa," Fisi alimwambia. "Huteki maji siku kumi."

"Nani kaupanga urefu huo?"

"Mimi. Asubuhi hii."

Mlangoni mwa chemchemi alisimama Simba. Fisi alikuwa amempa cheo cha Mlinzi Mkuu na ruhusa ya kunywa wa kwanza, na cheo hicho kilimvimbisha kifua hata akawa anapita mlangoni kwa ubavu.

Sungura aliondoka ulimi umemkauka. Alikuwa na hasira, lakini alipokumbuka alivyomcheka Mama Ngiri aliona aibu zaidi. Akaenda moja kwa moja kwa Kobe, katibu, aliyetunza makubaliano yaliyochorwa kwenye maganda ya miti.

"Shikamoo, Mzee Kobe. Mwenyekiti anaweza kuninyima maji kwa kauli yake tu?"

"Marahaba. Hawezi. Adhabu hupitishwa na mkutano wa wakazi wote. Lakini mwenye kuuitisha ni mwenyekiti, na huyu hajauitisha hata siku moja."

"Na zamu za tope, nani kazikwepa?"

Kobe alifunua ganda lingine, akamwonyesha. Sungura alitabasamu, kisha akasita. "Na mimi nimo?"

"Umo. Zamu moja. Ulisema una harusi ya binamu."

"Nina binamu wengi, Mzee."

Kutoka hapo alimwendea Fisi, kichwa chini. "Mheshimiwa Mwenyekiti, kosa la masikio nimelikubali. Ila nakuonea huruma. Lile tundu kubwa la Mama Ngiri, lenye ubaridi, ungeweza kulichukua kesho. Unachokosa ni mkutano tu ulipitishe."

Fisi alimeza mate. "Watalipitisha?"

"Nani atabisha, na Simba yuko mlangoni?"

Kesho yake, jua halijawa kali, wakazi wote walikusanyika. "Ajenda ni moja," Fisi alitangaza, mate yakimtiririka. "Tundu la Ngiri." Mama Ngiri aliwakumbatia wanawe, akaanza kulia.

Sungura alisimama. "Kabla hatujapiga kura, katibu atusomee kifungu cha zamu."

"Hakuna haja!" Fisi alifoka.

"Soma," Simba alisema, akipiga mwayo. "Napenda kusomewa."

Kobe akasoma: "Mkazi aliyekwepa zamu tatu hapigi kura wala hashiki cheo mpaka azimalize zote." Akaendelea na orodha. "Ngiri, hajakosa hata moja. Sungura, moja. Fisi, thelathini na mbili."

"Mwenyekiti hazoi tope!" Fisi alipiga kelele.

"Imeandikwa wapi?" Mama Ngiri aliuliza, machozi bado yakimtoka.

Fisi alimgeukia Simba amtetee. Simba alikuwa amekunja uso. "Kumbe siku zote hizi nimekuwa bawabu wa fisi asiye na cheo?" alisema, akaondoka mlangoni.

Wakazi walimvua Fisi uenyekiti, wakamvika Mama Ngiri. Wengine walitaka Fisi anyimwe na maji, lakini Kobe aliwakatalia. "Maji ni haki yake kama mkazi. Mwacheni anywe. Halafu azoe."

Fisi alishuka chemchemini, tope likamfika kidevuni. Sungura naye alishuka kulipa zamu yake. Alizoa mara nne, akajifuta miguu, akaanza kunyata kuelekea mlangoni.

"Sungura," Mwenyekiti Ngiri aliita kutoka juu. "Rudi. Zamu ni mpaka jua lizame."

Sungura akarudi.