Upande Uliopotea wa Shamba la Mihogo

Ngano, jamani, ngano!

(Ilete tuionje!)

Ina utamu?

(Utamu wa kwetu!)

Hapo kale, kale sana, palikuwa na digidigi, jina lake Siwema. Mama yake alikuwa na shamba la mihogo kando ya mto, la pembe nne kama mkeka.

Siwema akaolewa mbali. Aliporudi, mama hayupo tena, na mafuriko yamezoa vigingi vya mpaka. Upande wa mtoni tu ndio uliobaki na mawe yake, hatua kumi na mbili. Upande wa kupanda kilimani haukuwa na alama. Jirani wa juu, Ngiri, alikuwa amelima akishuka upande huo.

"Bwana Ngiri, shamba la mama lilipanda hatua ngapi?"

"Tatu tu, binti yangu."

Akamwuliza Kanga. "Mimi nilikuwa sijazaliwa."

Akamwuliza Kenge. "Mimi nilikuwa natazama maji tu."

Akamwendea Nyati, mwamuzi wa kijiji. Nyati akaja shambani.

"Unakumbuka nini, mwanangu?"

Siwema machozi yakamlenga. "Namkumbuka mama akipanda, kila hatua shina moja, na safu hadi safu hatua moja, nami nyuma yake nikifukia kwa kwato. Tulikuwa tukihesabu kwa kuimba."

"Mashina mangapi?"

Kabla hajajibu, Ngiri, aliyekuwa akilima karibu, akacheka. "Sitini! Nani asiyejua? Mihogo ile tuliiba sana!"

Siwema akainama. Akaokota mawe madogo sitini. Akapanga kumi na mawili kando ya mto, hatua moja moja. Safu ya kwanza. Akapanga ya pili. Akapanga ya tatu. Bado mawe ishirini na manne!

Ngiri akainamisha kichwa.

Siwema akapanga ya nne. Akapanga ya tano. Mawe yakaisha.

"Kumi na mbili mara tano ni sitini," akasema Nyati. "Upande uliopotea ni hatua tano. Ngiri, safu mbili umezimeza."

"Nisamehe, binti. Nilidhani hutarudi."

Akaamriwa azipande upya, shina kwa shina.

Siwema akaenda kusimama kwenye safu ya tano. "Hapa ndipo mama alipokuwa akinimenyea mhogo mbichi," akasema. Akakaa chini, akakaa sana, wala hakuna aliyemwita.

Basi, wanangu, ukipotelewa, shika vizuri ulichobakiwa nacho, kitakuonyesha kilichopotea. Na dhalimu, ulimi wake mwenyewe humwumbua.

Ngano yangu nimeiweka darini. Anayeitaka aishushe, awasimulie wenzake.